Arobaini si hesabu

Hotuba hii niliitoa tarehe 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, kwenye uwanja wa shule ya msingi ya kijijini kwetu, wilayani Pangani. Waliokuwa baharini siku ile, waliokuwa mashambani, na watoto wetu walioko Dar na Muscat wameomba maneno kamili. Haya hapa.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na nyinyi wanafunzi mlioketi mchangani huku mbele, hamjambo?

Mwenyekiti aliponiita alitaka tukae darasani. Nikamwambia hapana, tukae nje. Angalieni juu. Jua limeshapanda, na hakuna hata mmoja aliyefungua mwavuli. Mti huu umeanza kutufanyia kazi kabla mimi sijafungua mdomo.

Nimewaomba watoto wapitishe matawi. Kila mmoja achukue jani moja. Usilitafune bado, litazame kwanza. Kingo zake zina meno kama msumeno. Sasa tazama pale chini linaposhika ujiti: upande mmoja umeanza mbele, mwingine umeanza nyuma. Pande mbili hazilingani, kama shati lililofungwa vifungo kwa haraka. Ukiona majani ya namna hiyo yamejipanga huku na huku kwenye ujiti mmoja, na maua yake ni meupe yenye harufu tamu, jua umefika kwa mwarobaini. Nalisema hili mapema kwa sababu uko mti mwingine unaofanana nao, hupandwa mijini kwa pambo, wataalamu huuita Melia azedarach. Huo maua yake ni ya zambarau, ujiti wake umegawanyika tena kuwa vijiti vidogo vidogo, na matunda yake yana sumu. Anayechuma dawa gizani ajue hilo.

Haya. Tuje kwenye jina. Tunasema unaitwa mwarobaini kwa sababu unatibu maradhi arobaini. Nani ataniambia hayo maradhi arobaini ni yapi? Msiogope, inueni mikono.

Malaria. Minyoo. Upele. Sukari. Tumbo. Presha. Meno. Mba. Vidonda. Tumefika tisa, na mikono imeshuka.

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, na swali hili nimewauliza wagonjwa, waganga, hata madaktari. Sijampata aliyefika ishirini. Kwa nini? Kwa sababu arobaini kwetu sisi si hesabu. Mzazi anakaa ndani siku arobaini. Marehemu akitimiza arobaini tunamsomea hitima. Siku za mwizi ni arobaini, je, yuko mtu aliyewahi kuzihesabu? Arobaini ni neno letu la kusema kitu kimetimia, kimefika. Waliouita mti huu mwarobaini walikuwa wanausifu tu. Na mti wenyewe haukuanzia hapa. Asili yake ni India na Burma, na kwetu umeletwa na watu wa upande huo wa bahari. Wengine hapa pwani wanauita mkilifi, na wapo wanaosema mwarobaini kamili. Sifa tupu.

Lakini sifa ikikaa sana mdomoni hugeuka imani. Leo ukifungua gazeti unakuta mwarobaini wa foleni, mwarobaini wa migogoro ya ardhi, mwarobaini wa uhaba wa maji. Tumelifanya jina la mti kuwa jina la suluhisho la kila kitu. Na mtu akishaamini kwamba mti ni suluhisho la kila kitu, haulizi tena: kipimo gani? Kwa nani? Kwa ugonjwa upi?

Nimekuja na jambo moja, na nitalirudia hadi mlichoke. Mti huu ni hodari nje ya mwili kuliko ndani ya mwili. Kwenye ngozi, ghalani, shambani, mlangoni kwako, nitautetea mbele ya mtu yeyote. Tumboni, hapo nina ugomvi. Tena ugomvi wenyewe si na mti, ni na sisi tunaonyweshana.

Nianze na ngozi, maana hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokutana nao.

Nilikuwa na miaka saba nilipopata tetekuwanga. Waliopata wanajua: mwili mzima unawasha, na mama anakufunga mikono usijikune. Bibi yangu mzaa mama alitoka alfajiri, umande haujakauka, akarudi na upande wa kanga umejaa majani. Akayatia kwenye sufuria kubwa ya kupikia pilau, akafunika kwa sinia, akachochea makuti. Harufu ile ninayo puani hadi leo, kama majani mabichi yaliyochanganyika na kitunguu saumu. Maji yalipobadilika rangi kama chai ya rangi, akayapooza, akanisimamisha kwenye karai, akanimwagia kwa kata ya kifuu taratibu kuanzia mabegani. Hakunisugua. Alikuwa akisema, "Usikisugue kidonda, kimwagie." Kisha akanilaza juu ya kanga iliyotandikwa majani mabichi. Usiku ule nikalala.

Je, mwarobaini uliua tetekuwanga? Hapana. Tetekuwanga kwa mtoto mwenye afya huondoka wenyewe baada ya wiki moja hivi. Lakini mti ulituliza muwasho. Mtoto asipojikuna vidonda haviingii uchafu, na makovu yanakuwa machache. Bibi hakujua habari za virusi, ila alijua mtoto anahitaji nini usiku ule.

Upele nao hivyo hivyo. Bibi alitwanga majani na manjano mabichi, akatupaka nyumba nzima, wagonjwa na wazima, watu kumi na moja kwa siku moja. Sisi wazima tulilalamika, tukatembea manjano kama mabiriani. Baadaye, nikiwa kazini, nilikuja kusoma kwamba mwaka 1992 watafiti wa India walichapisha habari za mchanganyiko huo huo, mwarobaini na manjano, waliowapaka watu 814 wenye upele. Asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Niseme ukweli wote: hawakuwa na kundi jingine la kulinganisha, kwa hiyo huo si ushahidi wa mwisho. Na zahanati ikiwa na dawa ya kupaka ya BBE, ichukueni. Lakini nilipoisoma habari ile nilimkumbuka Bibi, nikalia. Na mnaona lile jambo la kupaka nyumba nzima? Hilo ndilo tunalowaambia watu hadi leo hospitalini: upele ukimtibu mmoja na kuwaacha wenzake, unarudi. Yeye alikuwa analijua, na hakuna aliyemfundisha darasani.

Kwa hiyo kwenye ngozi? Ndiyo. Kuogea? Ndiyo. Kijiti cha kusugulia meno? Ndiyo, ukitema mate yake. Sabuni wanayotengeneza kina mama? Ndiyo, tena wanunulieni.

Sasa twendeni ghalani na shambani. Hapa nitakaa kidogo, maana nahisi wengi wetu tumeusahau mti huu mahali unapofanya kazi kubwa kuliko zote.

Mwaka 1959 nzige waliivamia Sudan. Mnajua nzige wakitua mahali. Hawaachi kitu, wanakula hata magome. Mtaalamu mmoja wa wadudu, Mjerumani aitwaye Heinrich Schmutterer, alikuwa huko. Nzige walipopita alitazama nchi ikiwa uchi, na katikati ya uchi ule akaona miti imesimama na majani yake yote. Miti gani? Mwarobaini. Nzige walikuwa wametua juu yake, wakaondoka bila kula.

Akajiuliza kwa nini. Na swali lile likaajiri watu maisha yao yote. Mwaka 1968 kitu chenyewe kilitolewa kwenye mbegu, kikaitwa azadiraktini. Jina hilo linatokana na Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru. Wanakemia walihitaji hadi 1985 kujua kwa uhakika umbo lake, na wale wa Cambridge walipotaka kukitengeneza wenyewe maabara iliwachukua miaka 22, wakafanikiwa mwaka 2007. Miaka 22, ndugu zangu! Kitu ambacho mti unakitengeneza kila msimu, hapo juu ya vichwa vyenu, kwa mvua na jua.

Kinafanyaje kazi? Hakimpigi mdudu akafa palepale kama dawa ya dukani. Kwanza kinamkatisha hamu ya kula. Pili, yule aliyekula hawezi kujivua gamba ili akue. Mdudu mchanga lazima avue gamba la zamani kama mtoto anavyoacha nguo zilizombana. Azadiraktini inavuruga hilo. Anabaki ndani ya nguo iliyombana hadi anakufa. Ndiyo maana wengine wanapulizia leo, wanaangalia kesho asubuhi, wanawaona viwavi wangali hai, wanasema haifai. Subiri siku tatu, siku nne. Angalia jani: je, limeliwa zaidi?

Andikeni hili, vijana. Chukua mbegu zilizoanguka, osha nyama ya tunda, anika kivulini. Si juani. Kivulini. Bangua ganda, pata kiini. Gramu 500 za kiini kwa lita 10 za maji. Twanga, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili ishike kwenye jani. Pulizia jioni, kwa sababu jua linaiharibu upesi. Na uitumie siku hiyo hiyo, usiiweke ya wiki ijayo. Mabaki yake, yale mashudu, yarudishe shambani kwa mbolea.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye watoto wanne, viwavijeshi vamizi walimkuta na nusu eka ya mahindi yakiwa yamefika magotini. Tangu wadudu hao waingie nchini mwaka 2017 hakuna msimu tumelala vizuri. Hakuwa na hela ya dawa. Akafanya hivyo nilivyosema, akamimina kidogo kidogo kwenye moyo wa kila mche, mmoja mmoja, kwa kopo lililotobolewa matundu. Siku mbili mgongo ulimuuma. Yale mahindi ambayo viwavi wake walikuwa bado wadogo, aliyaokoa. Yale ambayo viwavi walikuwa wameshakuwa wakubwa, hakuyaokoa. Nalisema hilo la pili kwa makusudi, mpate kujua kwamba dawa hii inataka kuwahi.

Ghalani nako, Bibi alitandaza majani makavu katikati ya matabaka ya kunde, tabaka la kunde, tabaka la majani, hadi kihenge kijae. Fukusi walipungua. Kwa kunde inasaidia sana. Kwa mahindi yenye dumuzi, yule mliyempa jina la Scania, majani peke yake hayamtoshi, ni mkaidi. Mnaoyaweka mahindi mengi nunueni mifuko ile isiyopitisha hewa.

Na moshi wa mbu? Bibi alichoma majani juu ya makumbi ya nazi magharibi ikiingia. Mbu hawaupendi, kweli. Lakini hata kifua cha mtoto hakiupendi. Kama utachoma, choma nje, barazani, saa ya maongezi. Ndani ya nyumba, chandarua.

Neno moja la haraka kwa wapanda miti: mbegu ya mwarobaini haingoji. Baada ya wiki mbili tatu inakufa. Ipande mbichi. Na ipande nyumbani, si kando ya misitu yetu ya asili. Ndege na popo wanakula tunda na kupeleka mbegu msituni, na huko mti huu unageuka mgeni anayewasukuma wenyeji. Nimeona kwa macho yangu.

Sasa tuje tumboni. Naomba mnisikilize vizuri hapa, hasa nyinyi kina mama wenye watoto mgongoni.

Ilikuwa msimu wa masika, miaka mingi imepita, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Saa tisa usiku mlango ukagongwa. Binti wa miaka kama ishirini, amelowa, amembeba mtoto wa miaka miwili na nusu. Mtoto amekakamaa, macho yamepinduka juu. Degedege. Nikamuuliza, homa imeanza lini? "Jumatatu." Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Nikamuuliza, umempa nini? Akanyanyua chupa ya plastiki ya nusu lita, ndani maji ya kijani yaliyoiva, imebaki robo. Akasema, "Mwarobaini, sista. Asubuhi, mchana, jioni. Sijakosa hata mara moja."

Sijakosa hata mara moja. Mmemsikia yule binti? Alikuwa mama mwangalifu kuliko wengi. Alitimiza dozi. Alikaa macho usiku tatu. Alimpenda mtoto wake kwa kila alichokijua. Na siku tatu zile, vimelea vilikuwa vinapanda kichwani.

Tulimpima, tukamwekea dripu, tukamchoma sindano. Aliishi. Leo ni kijana mkubwa, anavua samaki, na sikio lake halisikii vizuri, na mkono wa kushoto unatetemeka anaposhika kikombe. Kila ninapomwona gatini naiona ile chupa.

Kwa nini tuliamini mwarobaini unatibu malaria? Nimelifikiria sana. Naona sababu ni mbili. Ya kwanza, homa ya malaria inakuja na kuondoka. Ukinywa kitu jioni, homa ikashuka usiku kwa zamu yake, unasema dawa imefanya kazi. Ya pili ni uchungu. Dawa tuliyokua nayo ilikuwa kwinini, kisha klorokwini, na zote ni chungu kama nyongo. Tukajifunza kwamba malaria inaogopa uchungu. Mwarobaini ni mchungu kuliko zote, basi tukasema utakuwa dawa kuliko zote. Lakini klorokwini yenyewe, pamoja na uchungu wake, ilishindwa na vimelea, na Tanzania ikaiacha mwaka 2001. Uchungu si dawa. Uchungu ni ladha.

Maabara zimeona vitu ndani ya mwarobaini vinavyosumbua vimelea vya malaria kwenye chupa za kioo. Hilo ni kweli na ni la kutia moyo. Lakini mtoto si chupa ya kioo. Mwarobaini haumo kwenye mwongozo wa kutibu malaria. Mtoto akiwa na homa, apimwe kidoleni siku hiyo hiyo, na akiwa na malaria apewe dawa mseto amalize zote.

Na mafuta ya mbegu, yale mazito yanayonuka, yasiingie kinywani mwa mtoto kabisa. Kabisa! Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wadogo waliopewa mafuta hayo kwa nia njema, kama tunavyofanya sisi, wakaanza kutapika, wakalegea, wakapata degedege, wengine ini likaharibika. Mwenye mimba naye asinywe, wala anayetafuta mimba. Mti huu una nguvu ya kuizuia mimba na kuiharibu, na bibi zetu wengine walilijua hilo ila hawakulisema mbele ya watoto. Na wewe mzee wangu unayetumia vidonge vya sukari: mwarobaini unashusha sukari. Kidonge kinashusha, na mti unashusha. Nilimpokea baba mmoja aliyeanguka akitoka msikitini, sukari imeporomoka hadi hawezi kutaja jina lake. Alikuwa anakunywa vyote viwili, na hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema kwa sababu aliogopa kufokewa.

Hilo nalo ni kosa letu sisi wa koti jeupe. Tumewafokea watu hadi wakajifunza kutuficha. Wauguzi vijana mlioko hapa, nawaomba: mgonjwa akikwambia amekunywa mwarobaini, mwambie ahsante kwa kuniambia. Kisha muulize kiasi gani na tangu lini.

Wapo wanaoniambia, "Mama, wewe umesoma ya wazungu, unaidharau tiba yetu." Naomba niwajibu kwa kisa.

Hiyo dawa mseto tunayopewa hospitali, mnajua ilitoka wapi? Ilitoka kwenye jani. Jani la China liitwalo qinghao, ndugu wa pakanga yetu. Mwanamke aitwaye Tu Youyou, miaka ya vita vya Vietnam, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria. Akaenda kwenye vitabu vya waganga wa kale. Akalijaribu jani lile kwa kulichemsha, likashindwa. Akarudi kusoma. Kitabu cha mganga Ge Hong, kilichoandikwa miaka kama 1,600 iliyopita, kilisema: chukua konzi moja ya qinghao, loweka majini, kamua, unywe. Loweka. Kamua. Hakikusema chemsha. Akang'amua kwamba moto ndio uliokuwa unaiua dawa. Akatumia njia isiyo na moto mkali, na mwaka 1971 ikafanya kazi. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Hiyo ni tiba asili, ndugu zangu. Tiba asili iliyoandikwa, ikasomwa, ikajaribiwa, ikakubali kukosolewa. Fikirini kama yule mganga wa kale angesema tu, "Mkono wako utajua."

Na kuandika kunalinda vilevile. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya Marekani, W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, haki ya kumiliki njia ya kuua ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Jambo ambalo wakulima wa India walikuwa wakilifanya tangu enzi za babu zao. Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa Ubelgiji na shirikisho la kimataifa la kilimo hai wakasimama kupinga. Mwenye kiwanda mmoja wa India akaja na ushahidi kwamba yeye alikuwa akiitumia njia hiyo kabla. Mwaka 2000 haki ile ikafutwa, na mwaka 2005 rufaa ikatupwa. Wahindi walishinda kwa sababu walikuwa na cha kuweka mezani. Siku wakija kwa mti wetu mwingine, sisi tutaweka nini mezani?

Ile "mkono wako utajua" ni maneno ya Bibi yangu. Nilipoanza chuo cha uuguzi nilirudi likizo nikamuuliza, Bibi, yale maji ya kuogea unatia konzi ngapi? Akacheka, akasema, "Mkono wako utajua." Sikumsumbua tena. Nikajiona nina muda. Alifariki nikiwa mwaka wa pili. Leo nina miaka 67 na vyeti vyangu, na sijui konzi zilikuwa ngapi. Sijui manjano yalikuwa kiasi gani. Nimejaribu peke yangu jikoni mara nyingi. Rangi haiji ile.

Basi hiki ndicho ninachoomba. Mwalimu mkuu amekubali. Darasa la sita, mtapewa daftari kubwa moja la kurasa nyingi, na kila Alhamisi mtakwenda kwa mzee mmoja wa kijiji. Mtaandika mti gani, sehemu gani ya mti, kiasi gani, kwa nani, na mtaandika pia ni nani asipewe. Kisha mtaandika kama ilifanya kazi au haikufanya. Msisahau haikufanya. Hilo la mwisho wazee wataona haya kulisema. Waulizeni kwa adabu, mara mbili.

Mzee wa kwanza ameketi pale kwenye jamvi, mwenye buibui na fimbo. Ni mama yangu mdogo. Ndiye aliyekuwa akimshikia Bibi sufuria. Nimeleta karai, nimeleta kata, na manjano mabichi yako kwenye kikapu. Ameniambia hakumbuki konzi ngapi, lakini akiyashika majani anaweza kukumbuka. Mnaotaka kuona, sogeeni. Watoto, kalamu mkononi. Akitia konzi ya kwanza, hesabuni kwa sauti.